Upanga wa Mara Moja

6 Februari

Kwa mdogo wangu,

Hujambo? Kikohozi kimepungua? Sisi hatujambo, ila goti la mama linalia kila anapopanda ngazi. Mwenyewe halalamiki, kwa hiyo goti limeachiwa kazi ya kusema peke yake.

Karatasi ya mhusika wako wa mchezo imefika. Nimeisomea ofisini, kwenye meza yangu ya kuchorea, nikacheka mpaka mhandisi akanyanyua kichwa. Eti Mjomba Chuma: jitu la futi kumi na mbili, mshale haupenyi ngozi yake, haumwi, halali usingizi, anaongea na tai, mama yake ni radi, na upanga wake unakata kitu chochote duniani, hata kivuli. Umesahau tu kuandika kwamba anajua kupika.

Msimulizi wa mchezo ni mimi, na sheria yangu ni ileile ya tangu tukicheza kwenye meza ya chakula, wewe ukiwa na miaka kumi na dadu unazificha kiganjani. Mhusika asiyeweza kushindwa hana hadithi. Majoka yote yatakufa ukurasa wa kwanza, halafu tutaandikiana nini? Punguza. Dadu nitakurushia mimi, maana huko gerezani zimekatazwa, na unajua sidanganyi.

Kamati ya kuachiliwa mapema inakaa Septemba na jina lako limo. Mama ameshakununulia godoro. Liko chumbani kwako ndani ya nailoni yake, na hakuna ruhusa ya kulikalia. Hata paka amefukuzwa.

Dada yako


27 Februari

Dada mpendwa,

Shikamoo. Kikohozi kipo, tumeshazoeana. Mpe mama pole ya goti.

Umemchinja Mjomba Chuma hata hajavuka kizingiti. Sawa, toa radi, toa tai, punguza futi nne. Upanga niachie. Nisikilize kwanza kabla hujaanza kutikisa kichwa. Hapa naambiwa saa ya kuamka, saa ya kuoga, saa ya kunyamaza. Mlango wangu una kitasa upande mmoja tu, na si upande wangu. Sisemi nimeonewa. Ni mimi niliyeendesha gari siku wenzangu walipovunja lile ghala, na yule mlinzi anachechemea mpaka leo. Nimetumikia miaka mitano, nimebakiza minne. Lakini kwenye karatasi, dada, nataka kitu kimoja ambacho ukuta hauwezi kukizuia. Hadithi nzuri sina haja nayo. Nataka kushinda kitoto, bila jasho.

Mwenzangu wa kitanda cha juu, fundi bomba, anasema wewe ni msimulizi mchoyo.

Kitindamimba wenu


15 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama anakusalimu, na goti nalo linakusalimu.

Barua yako nimeirudia wiki nzima. Haya, upanga ni wako. Lakini silaha isiyo na masharti inaua mchezo, na mimi nakula kwa kuchora ramani za majengo, kitu kisicho na kipimo sikiwezi. Kwa hiyo sikia. Upanga wako utakata ukuta mmoja, mara moja tu, kisha utaliwa na kutu. Mjomba Chuma lazima ataje siku mapema. Lazima awe ameuhesabia ukuta huo hatua, ajue unene wake, na ajue walinzi wanapokezana saa ngapi. Akikosea kimoja, umevunjika.

Ngome nitaichora mimi. Tazama hapo ulipo, uniambie uwanja ukoje na kuta zikoje, ili isiwe ngome ya kubuni tu. Nataka ukiiangalia uisikie chini ya nyayo zako.

Dada yako


9 Aprili

Dada mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima kabisa, safari hii sikwambii hivyo kwa mazoea.

Tangu nifike hapa sijawahi kutembea uwanjani nikiwa na shughuli. Sasa ninayo. Kutoka mlango wa jiko hadi ukuta wa mashariki ni hatua sitini na mbili, nimerudia mara nne. Unene wake fundi bomba anakisia ni mkono mzima, aliwahi kuona bomba linapopita. Minara ni miwili, mmoja hauna mtu. Walinzi wanapokezana saa nane mchana, na kwa muda wa kumaliza sigara moja hakuna anayetazama upande ule. Mjomba Chuma ataukata ukuta tarehe mosi Juni.

Fundi bomba naye anaomba mhusika, mganga mwenye chupa za moshi. Nimemwonya kwamba dada yangu hana mchezo kwenye mchezo.

Umeniweza. Ungenipa ule upanga wa kwanza ningeshauchoka. Huu nauwaza nikila, nauwaza nikifagia. Nalala vizuri.

Kitindamimba wenu


2 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Hujambo wewe na mganga wako? Mwambie amekubaliwa, chupa mbili tu.

Ramani ndiyo hiyo ndani ya bahasha. Kuta ni wino mweusi, njia ya Mjomba Chuma ni wino mwekundu, kipimo ni moja kwa mia. Mhandisi aliikuta mezani akadhani ni kazi ya mteja, akaisifu. Nilivimba kichwa siku nzima.

Dadu nitairusha hiyohiyo tarehe mosi, mama akiwa shahidi.

Dada yako


20 Juni

Mdogo wangu,

Hujambo? Nilirusha, ikatoka sita. Mama aliiona kwa macho yake. Ukuta umekatika, mdogo wangu, Mjomba Chuma yuko nje.

Mbona kimya? Kama kikohozi kimerudi niambie, tutume dawa.

Dada yako


11 Agosti

Dada mpendwa,

Shikamoo. Ni mzima. Nilikuwa chumba cha peke yangu siku sitini, na huko hakuna kalamu.

Walinichukua wiki moja kabla ya ile tarehe mosi. Ramani yako ilikuwa mezani kwa mkuu wa gereza, barua zako pembeni na nakala za zangu. Nilimweleza mchezo mwanzo hadi mwisho, dadu, Mjomba Chuma, meza yetu ya chakula. Alinisikiliza bila kunikatiza. Kisha akauliza, mchezo gani una saa za zamu za askari wangu? Na saa zile, dada, ni za kweli.

Fundi bomba amehamishwa, sijui wapi. Aliniomba mhusika tu. Barua yako ya Juni nilionyeshwa, sikupewa. Jina langu limetolewa kwenye orodha ya Septemba na halitarudishwa. Nitamaliza miaka yote iliyobaki.

Usijilaumu. Aliyehesabu hatua ni mimi.

Kitindamimba wenu


25 Agosti

Mdogo wangu mpendwa,

Marahaba. Sisi wazima. Goti la mama limevimba, anapanda ngazi kwa kukaa.

Nimefika huko getini, na boksi la dadu na kitabu cha sheria za mchezo mkononi, kama mwendawazimu. Afisa anayesoma barua si mtu mbaya, alinipa kiti. Aliniambia karatasi yako ya kwanza, ya jitu linaloongea na tai na kukata vivuli, waliisoma kwa sauti wakati wa chai, wakacheka, wakaigonga muhuri. Kuhusu ramani na hatua zako akasema, "Hii ya pili, dada, hakuna aliyecheka. Hii mtu angeweza kuifanya."

Tangu hapo maneno hayo hayaniachi. Wewe uliomba kitu cha kijinga, nami nikakitia akili. Mara moja tu, taja siku, hesabu hatua: yote hayo niliyaandika mimi, kwa mkono wangu, nikijiona hodari. Ningekuachia upanga wako usio na mipaka ungelala nyumbani Septemba. Naona haya, na sijui pa kuiweka haya hii.

Chukua vyote. Chukua futi kumi na mbili, radi, tai, upanga unaokata dunia nzima kila siku. Dadu sirushi tena. Shinda tu, mdogo wangu.

Mama nimemwambia kamati imeahirishwa. Bado anaipangusa ile nailoni.

Dada yako


19 Desemba

Dada mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hamjambo. Mimi sijambo. Siku hizi tunaruhusiwa ukurasa mmoja kwa miezi mitatu, habari za familia tu.

Barua yako ya Agosti ilinifikia imekatwa kwa mkasi. Nilipata salamu, goti la mama, na mistari miwili ya mwisho, ya kamati na ya nailoni. Katikati ni tundu. Naona uliandika mengi.

Habari za familia ni kwamba Mjomba Chuma amefariki. Hakuuawa na mtu. Alikaa chini karibu na ukuta, akachoka. Usimtafute mwingine wa kushika nafasi yake.

Mama mwambie ukweli. Mwambie aitoe nailoni, godoro alilalie yeye, huenda goti likapata nafuu.

Kitindamimba wenu