Ubavu Usiohitaji Kinu

Ipogolo, Iringa.
Jumapili ya pili ya mwezi wa sita. Ni miaka miwili na miezi mitatu tangu nitoke nyumbani Ubaruku.

Baba,

Mwangaluka. Naomba barua hii ikukute umekaa nje juani, na kifua hakikusumbui kama wakati wa mvua. Ng'ombe je, bado wanapata majani? Mimi nipo. Huku baridi ni kali, kiuno kinauma kwa kupasua kuni, na mikono ina makovu ya moto, lakini nakula na nalala.

Dada Kabula, unapomsomea baba, msomee yote, usiruke. Mwandiko uuvumilie, unajua niliishia darasa la tano.

Baba, naandika kwa sababu kila nikipiga simu ya Kabula unamwambia aseme umelala. Sikulaumu. Siku ile walipokuja Mzee Luhende na wenzake tulichinja, na mama akakuwekea ubavu, maana kwetu ubavu ni wa mwenye boma. Sisi wa nyumbani tulijua meno yako yamekwisha. Tulijua pia kwamba wageni wakiondoka, mama huichukua nyama ile akaitwanga kwenye kinu kidogo nyuma ya jiko, ukala taratibu bila mtu kuona. Ilikuwa siri ya nyumba. Mimi, kwa kutaka kuwachekesha watu, nikasema kwa sauti: "Baba, wewe na huo ubavu mtatazamana mpaka lini? Mama, leta kinu!"

Mzee Luhende alicheka mpaka akapaliwa. Wewe ukausukuma ubavu mbele yangu, ukasema, "Kula wewe mwenye meno."

Nikaula. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Nikaula mbele yako, mpaka mfupa.

Wiki hiyohiyo niliaga kwamba nafuata kazi. Sikufuata kazi, baba. Niliyakimbia macho yako. Mama alipofariki nilikuja siku tatu, nawe ulinipa mkono ukiwa unatazama zizi. Kabula ameniambia kwamba tangu hapo hujagusa nyama, ni uji na maziwa tu. Alipotaka kukutwangia yeye, ulisema, "Kinu hicho kina mwenyewe," ukakifunika kwa gunia. Gunia hilo nalibeba kichwani kila siku, nalo ni zito kuliko ya unga ninayoshusha hapa.

Kazi yangu ni kwenye tanuri la mikate la mama mmoja mjane, Bi Zuhura. Mikate ikitoka asubuhi natoa moto na majivu, lakini tanuri hubaki na joto mpaka jioni. Siku moja alinipa mbavu za ng'ombe nimpikie wageni wake. Nikachochea kuni kama tunavyochoma kwetu. Zikatoka nyeusi, ngumu kama tairi la katambuga.

"Masanja," akasema, "huyu ng'ombe umempika au umemkasirisha?"

"Mama, moto niliweka wa kutosha."

"Ndiyo kosa lako. Mbavu hazitaki ubabe, Msukuma wewe. Zinataka kusahauliwa."

Akanifundisha. Unazipaka chumvi, tangawizi na kitunguu saumu, unazipanga kwenye sufuria nzito na maji kidogo, unafunika, kisha unaziba mfuniko pande zote kwa unga uliokandwa, mvuke usipate pa kutokea. Unaziingiza moto ukishatolewa, unafunga mlango wa tanuri, unakwenda zako. Mimi sikuweza kwenda zangu. Nikabandua unga kutazama, mara moja, mara mbili, na joto likatoka. Akanipiga mwiko mkononi: "Unachungulia nini? Inaoga?"

Safari iliyofuata niliacha mpaka alasiri. Nilipovuta mfupa ulitoka mtupu, mweupe, nyama ikabaki sufuriani. Nikaweka kipande mdomoni, nikakibonyeza kwa ulimi tu, kikaachana. Meno sikuyatumia. Nikageukia ukutani.

"Unalia?" Bi Zuhura akauliza.

"Ni moshi, mama."

"Moto umetolewa tangu asubuhi. Moshi wa wapi?"

Ndipo nikamwambia yote. Hakunibembeleza. Aliuliza tu, "Baba yako ana umri gani?" Nikasema amepita sabini. Akasema, "Basi hapa unafanya nini?"

Mama nilimchelewa, baba. Aliibeba aibu yangu akiwa hai, akaenda bila kuniona nikitubu. Wewe sitaki nikuchelewe.

Kabula, mwambie mumeo aniwekee udongo wa kichuguu nyuma ya jiko, nijenge tanuri dogo. Mzee Luhende naomba aalikwe. Baba, nilikuvunjia heshima yeye akiwepo, nitaomba radhi yeye akiwepo. Ukitaka kula utakula mbele yake bila kujificha. Ukiusukuma tena ubavu kwangu, safari hii sitaugusa. Nitakaa nao mpaka utakapoamua.

Nisalimie shangazi anayekuletea maziwa, na wajomba wote. Kinu cha mama kiache chini ya gunia lake. Hatutakiamsha.

Mwanao aliyekukosea,
Masanja

Bi Zuhura ameniruhusu. Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu nitashuka basi Rujewa, na kabla jua halijazama nitakuwa mlangoni kwako.