Treni ya Mwalimu Imetembea

Dada Nekesa,

Habari ya Bungoma? Hapa Kitale mvua hainyamazi, lakini nimefurahi ajabu! Yule mwalimu mstaafu aliyeniita ana treni ndogo kama mkate, inayoendeshwa na mvuke kabisa. Ilikaa kwa sanduku miaka mingi, sababu reli alizopata zimekaribiana kuliko magurudumu yake.

"Fundi, ukivunja gurudumu moja, hakuna lingine," akaniambia. Nilikata kidogo kidogo ekseli, kile chuma kinachounganisha magurudumu, nikayasogeza ndani.

Leo tukapanga reli sebuleni, tukawasha spiriti chini ya boila, lile tangi lake la maji. Ikapiga firimbi, ikazunguka sebule! Mwalimu akaifuata kwa magoti, akilia na kucheka: "Si inatembea, bana!"

Wakumbatie watoto, Mungu awalinde.

Kakako, Wafula