Reer ni Nani?

Hulugho, tarehe 17

Na hapo ndipo simu ilipokata, Arbia, nilipokuwa nimefika tu kwenye lile jambo ulilokuwa ukinisukuma nilitaje tangu mwanzo. Mnara wa hapa haujaamka mpaka leo. Wanasema fundi wake hawezi kuja bila gari la askari, na gari la askari lina safari zake. Basi nimekaa chini kukuandikia kama tulivyoandikiana kidato cha pili, mimi dawati la mbele na wewe la nyuma, ila safari hii barua inakuja na Abdimalik, dereva wa lori la mbuzi, haipitishwi chini ya miguu ya wenzetu.

Assalamu alaikum, abaayo, dada yangu. Salamu hizi zikukute kivulini, viatu umevua, kikombe kiko mkononi. Goti la mama linaendeleaje? Na mto, umerudi mahali pake au bado unabisha hodi kwenye migomba yenu? Msalimie sana mama, umwambie kanga aliyonipa ndiyo ninayojifunga ninapokuandikia. Mimi ni mzima, alhamdulillahi, mzima mpaka naona haya.

Umeniuliza ndoa ikoje. Hii ni wiki ya saba na bado nikiamka nadhani nimelazwa ndani ya kikapu kinachoelea. Nyumba yangu ni aqal, ile ya fito zilizopindwa na kufunikwa mikeka. Jua likipanda hupenya kwenye matundu ya mkeka na kumwaga nukta ndogo ndogo za mwanga juu ya uso wa Abdinasir, nami hulala ubavu nikizihesabu. Siku moja nilifika mia mbili na kumi, akafungua macho, akaniuliza natafuta nini usoni mwake. Nikamwambia amenipotezea hesabu, afumbe tena nianze upya. Akafumba! Mwanamume gani huyo, Arbia? Ananuka dizeli na uunsi, ule ubani wetu wa kufukiza, nami sijawahi kusikia harufu tamu kuliko hiyo.

Mikeka yote ilisukwa na Eeddo Bishara, shangazi yake. Aliianza Abdinasir alipokuwa kijana wa miaka kumi na minane, akaikunja na kuiweka, akingoja atakayekuja kulala chini yake. Unajua kwetu nyumba hii hujengwa na wanawake na ni mali ya mke, mume huingia kama mgeni mwenye adabu. Lakini mimi nimekulia Garissa mjini, chini ya mabati, na sikuwahi kulala ndani ya aqal hata usiku mmoja. Eeddo alinicheka sana nilipouliza dirisha liko wapi.

Eeddo Bishara ndiye anayeshika ufunguo wa kisima cha hapa kijijini, kile cha mtambo ambacho Abdinasir ni fundi wake. Kila asubuhi huandika kwa mkaa kwenye ukuta wa tangi zamu za kunywesha, nani atangulie na nani afuate. Miaka mitatu sasa tangu ashike ufunguo ule, na watu wanasema hakuna fimbo iliyoinuliwa kisimani. Kabla yake, zilikuwa zikiinuliwa kila kiangazi.

Hukuwahi kunisikia nikisimulia vizuri nilivyokutana na mume wangu, kwa hiyo vumilia. Ilikuwa siku yangu ya pili hapa, na yale madodoso uliyonifungia mwenyewe kwa uzi mwekundu ofisini kwenu, yenye kichwa kirefu kuhusu usawa wa wanawake na wanaume katika utawala na maendeleo kwenye maeneo yenye misukosuko. Mimi nilipewa kuwahoji wanaume, mwenzangu Sahro akapewa wanawake. Nilimkuta Abdinasir amelala chini ya jenereta, miguu tu ndiyo inaonekana, nikaihoji ile miguu. Nilipofika swali la kumi na nne, la nani huamua mambo makubwa ya nyumbani, miguu ikanijibu kwamba yeye bado hana reer.

Kisomali chako ni cha sokoni, abaayo, kwa hiyo nikufafanulie. Reer ni familia, ni ukoo, ni watu wa mtu. Nikaandika "hana familia". Halafu moyo ukaniuma, nikampa pole, nikamwambia Mungu ndiye mlezi wa wote. Akatoka pale chini, grisi mpaka kwenye nyusi. Akasema ameipokea pole yangu, na anatumaini nitamsaidia haja ya kupewa pole iishe. Sikuelewa. Nilidhani ni yatima mwenye mzaha. Jioni ile nikamwona anakula kwa mama yake na shangazi zake wanne!

Sasa nisikilize vizuri. Wiki moja baada ya harusi alikuja mtu kutoka Sangailu, pampu yao imekufa, akamwomba Abdinasir waende wakae huko siku tano. Mimi nilikuwa ndani nafukiza kibuyu cha maziwa. Nikamsikia mume wangu, nje, kwa sauti ya mtu anayezungumza jambo la kawaida kabisa, akisema angoje kwanza akaulize reer. Nikangoja nisikie anaelekea kwa mama yake au kwa wajomba. Mkeka wa mlangoni ukainuliwa. Akainama, akaingia, akaniuliza mimi.

Arbia, nilikuwa mimi! Mimi peke yangu, na masizi mkononi. Wanaume wa huku hawamtaji mke mbele ya watu, ni heshima. Wanasema reer, na kila mtu anajua ni nani. Mjini kwetu mke huitwa xaas, ndiyo maana sikujua. Nilimwambia aende siku tatu, si tano, naye akatoka akamwambia yule mtu siku tatu. Mchana kutwa nililitafuna neno lile kama tende. Hata sasa nikiliandika linanipa usingizi mtamu, ule wa kulala huku unasikia watu wanacheka mbali.

Lakini sikukuandikia kwa ajili ya utamu tu.

Wiki mbili zilizopita Mahat, mwenyekiti wa kamati ya maji, alirudi kutoka Garissa na rasimu ya ripoti ya yale madodoso yetu. Akaniomba niwasomee watu kisimani, kwa kuwa Kiswahili cha makaratasi wanakiona kizito na mimi ni mtoto wa kazi ile. Nikasimama nikasoma. Ilisema kwamba waume arobaini na mmoja kati ya sitini walieleza kuwa mambo makubwa huamuliwa na familia yote chini ya mkuu wake, na kwamba madai ya wanawake kuwa wao ndio huamua hayakuthibitishwa. Kwa hiyo wanawake wa eneo hili hawajazoea kuamua, na mpaka wapate mafunzo, ufunguo na nafasi zao katika kamati zishikwe na wanaume. Kikao cha kuipitisha ni tarehe ishirini na nane, huko kwenu.

Eeddo Bishara aliuliza kitu kimoja tu: hayakuthibitishwa na nani? Watu wakanitazama nisome jibu. Halikuwa limeandikwa. Lilikuwa limesimama pale likiwa limejifunga kanga ya mama yako.

Unaona sasa. Wale arobaini na mmoja wote waliniambia reer, nami nikatia alama kwenye "familia yote". Sahro aliandika ukweli wa wanawake, fomu zangu zikaufanya uonekane majivuno.

Kwenye simu nilianza kukwambia, na hapo juu nimekusimulia, kana kwamba kosa hili nililigundua siku ile ya mtu wa Sangailu. Si kweli, Arbia. Hilo ndilo lililonifanya nishukuru kimoyomoyo simu ilipokata. Nililijua siku tisa kabla ya harusi.

Nilikuwa nimekaa na Eeddo akimalizia mkeka wa mwisho, mimi nampa nyuzi. Nikamsimulia kwa kicheko kwamba mzee Yahye alisema reer ndiyo iliyoamua wahamie huku, na jinsi nilivyojiuliza ukoo wote ule uliketi wapi. Eeddo akacheka mpaka nyuzi zikamponyoka. Akaniambia ndugu za Yahye wote wako Diff, hajawaona tangu mvua ya mwaka juzi. Reer ni Lul! Yule aliyekuwa amesimama nyuma yako, akasema, ameshika birika, akingoja umalize maswali yako akumiminie chai.

Pale pale niliziona fomu zote arobaini na moja, na nyuma ya kila mzee, mwanamke mwenye birika. Nikajua. Kuwarudia wote kungetaka zaidi ya wiki. Mahema ya harusi yalikwisha kuagizwa, wajomba walikuwa njiani kutoka Wajir, na mimi nilikuwa nimelewa furaha, sitaki mtu aniguse nikaamka. Kesho yake nikazifunga kwa uzi wako mwekundu nikazileta. Ulizipokea wewe, ukanikumbatia, ukaniambia nimefanya kazi safi. Nikanyamaza. Nimekuwa nikilala chini ya mikeka ya mwanamke niliyemnyang'anya ufunguo, nikihesabu nukta.

Siku ya kusoma ripoti, baada ya alasiri, nilimwambia Abdinasir yote. Alikuwa anasafisha chujio la jenereta. Alikaza kwanza boliti ya mwisho. Akauliza fomu ni ngapi. Nikamwambia. Akauliza kama na yake imo. Nikasema yake inasema hana familia. Akacheka kidogo, halafu kicheko kikamwisha, akaniambia niende kwa Eeddo sasa hivi, jua lingalipo, kwa sababu yeye hataweza kufumba macho chini ya paa lile.

Nikaenda. Eeddo alinisikiliza huku akisokota nyuzi kwenye paja. Akauliza kwa nini. Nikasema niliogopa harusi isije ikaahirishwa. Akasema hata yeye aliwahi kuchelewesha kuhama kwa ajili ya harusi, lakini angalau aliwaambia ngamia. Halafu akasema polepole, bila kunitazama, kumbe alikuwa amemsukia paa mtu wa kumvua ufunguo. Nililia, abaayo. Aliniacha nilie mpaka nikachoka, kisha akaniuliza kama nina karatasi tupu. Akasema tutarudi nyumba kwa nyumba, na yeye atasimama nyuma yangu ameshika birika, nione kama nitamsahau tena.

Tumezunguka siku nane. Nimeuliza upya, jina kwa jina, reer ni nani. Mzee Yahye alikasirika, akauliza kama shuleni hatukufundishwa haya, mtu anatajishwaje mke wake mbele ya wageni. Kisha akamwonyesha Lul kwa kidevu. Lul akamwambia atumie na mdomo, kidevu hakiandikiki. Akataja. Thelathini na sita wamewataja wake zao. Watatu walimaanisha ukoo kweli, nami nimewaandika hivyo hivyo. Wawili wamehamia upande wa Diff na sikuwapata, hao nafasi zao nimeziacha wazi. Safari hii siongezi wala sipunguzi.

Kwa hiyo nakuomba, Arbia wangu, fomu zangu za zamani zisipelekwe stoo wala kuchanwa. Ziweke kando na uzi wake. Mwambie Daktari Faiza, mkuu wenu wa ofisi, anipe nusu saa kabla ya kikao. Usimweleze sababu, na usinitetee. Nataka anisikie mwenyewe nikisema kwamba nilijua, na nilijua lini. Pengine hatanipa kazi tena, na pengine nawe utanichukia kidogo kwa kukufanya uukumbatie uongo. Chukia, lakini usiache kunifungulia mlango.

Jana Mahat alimfuata Abdinasir kisimani, Eeddo akiwa pale pale anaandika zamu za siku kwa mkaa. Akamtania mbele ya watu kwamba bibi harusi wa wiki saba haachwi kupanda lori la mbuzi. Nani ameamua safari hii? Abdinasir alifuta mikono kwenye kitambaa, kidole kimoja kimoja, akasema: reer. Mahat akakunja uso, akanitazama mimi, akautazama ufunguo shingoni mwa Eeddo, kisha akaanza kucheka taratibu kama mtu anayeamshwa. Akaniambia niandike kwamba hata yeye mwenyekiti ni mmoja wa wale thelathini na sita, na Barwaqo wake amemnunia tangu siku ya kusomwa ripoti. Na Eeddo akaniongeza kwenye ukuta, chini ya ngamia wa Yahye: Hamdi, Garissa.

Msalimie mama, wasalimie wa ofisini, na ule mto uambie uninyamazie nivuke salama. Abdinasir anakusalimu, anauliza kama kwenu reer ni mtu mmoja au wengi. Abdimalik akirudi tena kuchukua mzigo, napanda naye, karatasi kifuani na moyo mkononi. Tandika mkeka upande wako wa dirisha, maana kabla mwezi huu haujaisha nitakuwa nimelala hapo, nikikusimulia mengine.

Wako yule yule, ila sasa mke wa mtu,
Hamdi