Sikuona Kosa Hata Moja

Kabambare, tarehe 14 mwezi wa kumi na moja, 2023

Yaya Mwamvita, dada yangu mukubwa,

Salamu alekum. Natumaini uko muzima, na shemeji Ayoubu, na mutoto amepona kikohozi. Huku tuko salama, ila njia imenivunja mugongo. Tulianguka na moto, ile pikipiki, mara mbili kabla ya kufika.

Aksanti kwa kunipokea Kasongo na kuniacha niketi nyuma mu somo lako. Tulipatana kuambiana kweli, maana sisi wawili tunafundisha wale watakaokuwa walimu, na hakuna mwingine wa kutuambia. Basi nasema. Ubao wako ni safi kuliko wangu, na sauti yako inafika mupaka mulangoni. Lakini Darlène, yule anayeketi karibu na dirisha, alinyosha mukono mara tatu. Alipopata kuuliza, ulimujibu, "Hayo uulize mama yako." Wote wakacheka. Yeye akafunga daftari, na kisha hapo hakuna mutu aliuliza tena. Jaribu kungoja kidogo kabla ya kufuta ubao, uulize nani hajaelewa, na anayeuliza usimucheke. Ni hilo tu, yaya. Mengine mengi unanipita.

Sasa ni zamu yako. Njoo, na usinihurumie.

Mudogo wako,
Mounira

Kasongo, tarehe 3 mwezi wa kumi na mbili, 2023

Mudogo wangu,

Alekum salamu. Tuko wazima, mutoto amepona. Barua nimeipata, nimeisoma. Nitakuja mwezi wa tatu.

Yaya wako,
Mwamvita

Kasongo, tarehe 19 mwezi wa tatu, 2024

Mudogo Mounira,

Salamu. Nilifika vizuri, miguu tu ndiyo imevimba. Mama anakuombea.

Uliniomba neno juu ya somo lako, lile la namna ya kufundisha watoto kusoma. Nilikaa masaa mawili. Sikuona kosa hata moja. Wanafunzi wako wanaimba ukurasa muzima kwa sauti moja, hata mimi nilifurahi. Usigeuze kitu. Endelea vile vile.

Yaya wako,
Mwamvita

Kabambare, tarehe 8 mwezi wa pili, 2025

Yaya,

Salamu alekum. Uko namna gani? Mimi mwili iko muzima, roho hapana.

Wiki iliyopita wakaguzi walifika kwetu. Nilifundisha lile somo uliloona. Wanafunzi wakaimba ukurasa. Mukubwa wao akasimama, akaandika neno moja ubaoni, "kisima", akamuita Mado, mumoja wa wanafunzi wangu. "Nionyeshe namna utamufundisha mutoto kusoma hili."

Mado akasema, "Halimo mu kitabu, baba."

Akaita wengine wanne. Ni vile vile. Akanigeukia mbele yao wote: "Madame, unafundisha kukariri. Kusoma hujawafundisha."

Wameninyang'anya somo. Sasa niko mu ofisi, napiga muhuri ku kadi za wanafunzi.

Ingekuwa hilo tu, ningenyamaza. Lakini Mado ameniambia kitu. Siku ile ulipokuja ulimukuta inje, ukamuuliza kama angeweza kumufundisha mutoto neno jipya. Akakuambia hapana. Ukamujibu, "Najua."

Yaya, uliona?

Mudogo wako,
Mounira

Kasongo, tarehe 27 mwezi wa pili, 2025

Mudogo,

Salamu. Ku nyumba wote wako wazima.

Niliona. Dakika kumi hazikuisha, nikaona. Niliandika karatasi mbili nikiwa nimeketi kule nyuma, pamoja na namna ya kurekebisha. Nilizichana nilipofika Kasongo.

Barua yako ya kwanza ilinikuta ku meza na Ayoubu. Nilidhani umeniandikia sifa, nikaisoma kwa sauti. Nilipofika ku "uulize mama yako", ilikuwa nimekwisha kulisema. Akacheka. Siku nyingi, kila nikimukatalia kitu, anasema, "Basi nimuulize mama yangu?" Na mimi ndiye nilikushika mukono ulipojifunza kuandika jina lako. Nikasema moyoni, acha na yeye aone. Sikujua watakunyang'anya somo. Nilidhani utaona haya siku moja, basi.

Na ulisema kweli. Siku hizi nangoja kabla ya kufuta ubao. Darlène anauliza, na wengine wanauliza.

Unisamehe. Njoo tukae pamoja siku chache.

Yaya wako,
Mwamvita

Lusangi, tarehe 30 mwezi wa nne, 2025

Mwamvita,

Salamu. Niko muzima. Kasongo sitakuja.

Ungeniambia mwezi ule wa tatu, ningekuwa na miezi minne ya kurekebisha. Mwezi wa saba wanafunzi wangu kumi na tisa wa mwaka wa mwisho walimaliza, wakaenda kufundisha. Sasa nawatafuta, mumoja mumoja, kila siku ambayo ofisi inaniacha. Wanne nimewaona.

Jana nilimukuta Glody, mumoja wao, hapa, anafundisha watoto wa mwaka wa pili. Alifurahi, akaniwekea kiti nyuma. "Madame, utasikia!" Watoto arobaini wakafungua kitabu, wakaimba ukurasa wa kumi na mbili bila kukosa neno. Karibu nami alikuwa musichana wa miaka saba, Naomie, anapitisha kidole chini ya kila mustari. Walipomaliza nikageuza kitabu chake mupaka ukurasa wa ishirini, nikamuambia, "Unisomee na hapa."

Akaweka kidole ku mustari wa kwanza, akaimba ukurasa ule ule wa kumi na mbili mupaka mwisho. Kisha akaniangalia, anangoja nimuambie amesoma vizuri.

Mounira