Mota Mpya ya Drili, na Neno Nililomwambia Mama Ngusa

Mlabani, Ifakara
14 Juni 2025

Mpendwa kaka Fransisko,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii inakukuta mzima hapo Tunduma, wewe na wifi Careen, na kwamba kile kikohozi cha baridi kimekuachia. Huku hatujambo. Goti la Mama limepoa, na jana alikwenda mwenyewe shambani kule Mbingu kuangalia mpunga. Umeiva vizuri, ila ndege ni wengi mno.

Usishangae kupata barua badala ya simu. Kwenye simu ningesema nusu, nawe ungenipoza, tukakata. Hili nataka ulisome lote. Restuta anapanda treni kuja huko, nimempa barua hii na mchele kidogo akuletee.

Ni kuhusu ile drili ya chaji uliyoniletea hapa karakana. Nilikupigia nikilia kwamba mota imeungua, na kwamba aliyeiunguza ni Mama Ngusa, yule mama wa Kisukuma jirani yetu, ambaye nilikuwa nimemwazima afungie bawaba za banda lake la kuku. Wewe ukaomba namba yake, ukampigia. Sikukuzuia.

Ila sikukueleza nilichofanya kabla ya hapo. Nilimwendea kwenye kikao cha kikundi chetu cha akina mama, watu wote wamekaa, nikamwambia, "Nyie watu wa ng'ombe, mashine mmezijulia wapi?" Wengine walicheka. Yeye aliinuka. Alikusanya kitenge chake akaondoka, na tangu hapo hakuna aliyemwazima hata jembe.

Wiki iliyopita akaja karakana na kifurushi.

"Oliva," akasema, "hii ni mota. Nimemwagiza shemeji yangu Morogoro. Ifunge mbele yangu, niione ikizunguka, nirudi nyumbani na roho yangu imetulia."

Zamani alikuwa ananiita mwanangu.

Nikachukua bisibisi. Yeye akakaa kwenye benchi, akafungua kiganja niwe namwekea skrubu zisipotee. Nilipotenganisha ganda la drili, kaka, nilitamani nilirudishie pale pale. Matundu ya hewa yalikuwa yamezibwa na rangi ya bluu iliyokauka, na mota yenyewe imerukiwa na bluu hadi kwenye nyaya. Ile bluu ni ya milango ya zahanati niliyopewa kutengeneza. Nilikuwa nimekunja kipande cha nondo, nikakibana kwenye drili, nikawa nakorogea rangi nzito, ndoo baada ya ndoo. Hata ilipopata moto mkononi sikuipumzisha. Na hapo Mama Ngusa alikuwa ameshairudisha, ikiwa nzima. Nilikuwa nimejisahaulisha kabisa.

Aliitazama ile rangi, kisha akaitazama milango iliyoegemea ukuta nyuma yangu.

"Banda langu halina rangi," akasema.

Alisema taratibu tu, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Afadhali angefoka.

Nilitaka kuacha kazi, akaniambia niendelee. Nikaichomoa mota iliyoungua kutoka kwenye giaboksi, nikalehemu nyaya za ile mpya. Nilipobonyeza ikazunguka kinyumenyume. Nilikuwa nimepishanisha waya mwekundu na mweusi. Nikaulehemu kila mmoja mahali pake, ikazunguka sawasawa. Mama Ngusa akaiangalia kidogo, akanimiminia skrubu mezani, akaenda zake. Mimi nilibaki nimekaa na drili iliyo wazi, sikuweza hata kuifunga.

Gharama ya mota nimemrudishia. Hilo lilikuwa jepesi. Kwenye kikao kilichofuata nilisimama nikaeleza kwamba mwenye kosa ni mimi, na kwamba hata kama angeiunguza yeye, neno lile halikupaswa kutoka kinywani mwangu. Safari hii hakuna aliyecheka. Yeye alisema tu, "Nimesikia."

Juzi nikabeba drili hadi kwake. Mlango wa pili wa banda ulikuwa bado umefungwa kwa kamba. Nikamwomba aitumie.

"Mimi siigusi tena," akasema. "Funga wewe."

Nikafunga, naye akanishikia mlango mpaka nikamaliza. Nilipokuwa naondoka ndipo akasema, "Yule kaka yako hakuniamkia. Alianza tu kugomba."

Kaka, najua ni vigumu kumwomba mkubwa wangu jambo kama hili, na wewe uligomba kwa maneno niliyokulisha mimi. Namba yake bado unayo. Mpigie asubuhi, akishamaliza kukamua. Usianze na habari ya drili. Anza na shikamoo, halafu usubiri aitikie, hata akichelewa.

Mama anakusalimu sana, na mjomba Anselim pia. Msalimie wifi Careen, na umwambie kitambaa alichonitumia nimeshakishona. Mungu awakinge na baridi ya huko na awape riziki isiyo na machozi ya mtu.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda na ninayeona haya,

Oliva