Apio na Mwanga Unaosokota Sumaku

Jumatatu, 5 Julai 1999
Karatasi za Fomu Tatu bado rundo. Swali la sumaku wamelikosea karibu wote. Nitalirudia darasani.

Apio amefika mchana. Pacha wangu. Alishukia Entebbe, akavuka mpaka wa Malaba kwa miguu, begi mgongoni. Miaka minne Ujerumani na bado anacheka vile vile. Mama amechinja kuku. Nimefurahi hadi kichwa kinauma.

Jumatano, 7 Julai
Nimemwomba anieleze kazi yake kwa lugha ya wanafunzi wangu. Ameeleza huku tukichambua mboga. Ndani ya metali ya nikeli kuna sumaku ndogo ndogo zisizohesabika, zote zimeelekea upande mmoja. Anazipiga kwa leza, mwale mkali wa mwanga, mpigo mfupi kuliko chochote ninachoweza kuwaza. Sumaku inadhoofika. Hilo linajulikana. Wakubwa wake wanasema ni joto tu. Yeye anaamini mwanga wenyewe pia unazigeuza: mwanga unaosafiri ukijizungusha kama parafujo, ukiingia kwenye metali unazisokota. Joto ni kama kutawanya watu sokoni. Msokoto ni kuwageuza wote watazame upande mwingine.

Anatafuta huo msokoto. Hakuna aliyeuonyesha kwenye metali bado. Mimi ni mwalimu wa fizikia na nimemsikiliza kama mtoto. Wivu kidogo. Fahari zaidi.

Alhamisi, 8 Julai
Kuna kitu hasemi. Leo amemimina chai nje ya kikombe. Mara mbili.

Ijumaa, 9 Julai
Alikuja shuleni. Nilipanga dira zote za maabara mezani. Akapitisha sumaku kando ya hizo dira, sindano zikageuka, moja ikiyumbisha nyingine. Wasichana walipiga makofi. Sijawahi kuona darasa langu hivyo. Mmoja akauliza kama hiyo leza inaweza kuumiza mtu.

Apio aliweka sumaku mezani. "Inaweza," akasema. "Mimi imeniumiza."

Tukirudi nyumbani alinieleza. Miezi mitano iliyopita, maabarani, alivua miwani ya kinga ili aone vizuri, mwale ukaakisiwa na kioo. Jicho la kushoto limeungua ndani, katikati kabisa. Halitapona. Hajui kama atarudi Ujerumani. Nililia barabarani, watu wa boda boda wakitutazama. Yeye hakulia. Miezi yote hiyo amebeba peke yake, na bado alisimama mbele ya wasichana wangu akasema ukweli. Mimi nisingeweza.

Jumapili, 11 Julai
Baada ya kanisa amewaambia wazazi. Mama alipiga kelele: harudi huko, kazi ya ualimu iko hapa hapa Amagoro. Baba ni fundi wa kuchomelea vyuma, anatengeneza malori pale Malaba. Mwanga wa kuumiza macho anaujua. Alimshika Apio kidevu, akalitazama lile jicho muda mrefu.

"Hicho kitu ulikuwa unatafuta, umekipata?"

"Bado, Baba."

"Na jicho moja, hiyo kazi unaweza?"

"Naweza. Naogopa tu."

"Hata mimi naogopa kila nikiwasha mashine. Rudi. Lakini hiyo miwani usivue tena."

Mama alitoka nje. Hajaongea na yeyote tangu hapo.

Jumatatu, 12 Julai
Apio amekaa kibarazani na karatasi zake, akichora mishale, akifuta, akichora tena. Nilimwuliza kama amekata shauri. Akaniomba rula.

Jumatano, 14 Julai
Ameondoka asubuhi kurudi Ujerumani. Nilikuwa na vipindi, tukaagana nyumbani. Kukumbatiana kidogo tu. Sikutaka aone uso wangu.

Nilifundisha mawimbi. Mvua ikanyesha kidogo, ikaacha.

Nilipofika nyumbani jioni, Mama alikuwa ameketi jikoni, viatu vimejaa tope. Amemsindikiza mwenyewe mpaka mpakani. Baba aliwaona wakipita katikati ya malori. Anasema Mama alitembea upande wa kushoto wa Apio, amemshika mkono, na hakuuachilia mpaka kwenye kizuizi.

Nikamvua Mama viatu. Nikaweka maji ya chai.