Mshipi Wako Uko Ndani ya Injini

Ndugu yangu Wafula,

Ule mshipi wako wa ngozi, niliopewa siku ya kugawa nguo zako, sina tena. Usikasirike kwanza.

Tangu ufe, lori yako imekuwa ikiharibika na kulala njiani ovyo. Juzi tulitoka Kitale na mahindi, mimi kwa usukani, mkeo kando yangu. Alikuwa ameniambia wazi: "Shemeji, ikilala tena, nauza." Mnunuzi alikuwa anangoja stesheni ya Bungoma. Nikacheka. Nikamwambia mimi nilishainua giaboksi kwa goti moja huku nakula muhogo. Akatazama barabara tu.

Karibu na Kamukuywa nikaanza kumpa ile hadithi yangu ya chui. Katikati nikasikia injini ikigonga: ngo. Ngo. Ngo. Nikasimamisha lori, bana. Beringi ya pistoni imeyeyuka, na wingu la Elgon limekuwa jeusi kama sufuria, na mahindi hayana turubai.

Nikalala chini ya lori. Mafuta nikamwaga kwa debe, nikafungua tumbo la injini, nikatoa vipande vya beringi. Si ulinionyesha kwamba ngozi inaweza kushika mahali pa beringi? Lakini ngozi gani? Nikagusa kiuno changu.

Wafula, kisu kilikataa. Mshipi ulikuwa bado na lile tundu ulilotoboa mwenyewe, ugonjwa ulipokukondesha. Mkeo akainama, akaona. Nilijua atalia.

"Kata," akasema.

Nikakata. Nikaloweka kwa mafuta, nikaiweka mahali pa beringi, nikafunga, nikarudisha mafuta. Ngozi ikiungua, injini inatoboka, lori kwisha. Tukaenda polepole, kuku wakatupita. Nikasikia sauti yako: "Funga mdomo, injini inaongea." Nikafunga. Mimi! Mpaka mkeo akaniuliza kama mimi ni mgonjwa. Mvua ilitufuata nyuma, ikaogopa kutupita.

Stesheni, mnunuzi akaanza kupiga magurudumu teke. Mkeo akaweka mkono juu ya boneti, akamwambia, "Haiuzwi."

Sasa suruali nimefunga na kamba ya katani, wacha wacheke. Kipande chenye tundu sikukiweka kwa injini, kiko mfukoni. Nikitia beringi mpya, nitatoa ile ngozi nyingine, hata ikiwa jivu, nikuletee kaburini. Nitakaa hapo kidogo bila kusema kitu. Wewe unajua, kwangu hiyo ni kazi nzito kuliko giaboksi.

Pumzika, Wafula.

Mdogo wako,
Wanjala